Mwanga wa Düsseldorf na Giza la Rungwe: Picha ya Baroki katika Masimulizi ya Umisionari wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya Kanisa la Moravian katika Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida huanza kusimuliwa mwaka 1891, wamisionari kutoka Ujerumani walipopanda kutoka Ziwa Nyasa hadi miteremko ya Mlima Rungwe, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Simulizi hiyo ikirudishwa nyuma hufika Herrnhut, kijiji cha Saksonia kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kwenye ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Ikirudishwa nyuma zaidi, hufika mahali pasipotarajiwa: jumba la picha mjini Düsseldorf mwaka 1719, ambako Zinzendorf, akiwa na umri wa karibu miaka 19, alisimama mbele ya picha ya Kristo aliyevikwa taji la miiba. Picha hiyo ni kazi ya Domenico Fetti, mchoraji wa Kiitalia wa enzi ya baroki.

Makala haya yanachunguza uzito wa ziara hiyo. Maswali yanayoongoza uchunguzi ni matatu. Kwanza, ni nini kilichotokea katika jumba lile, na kilikuwa na nafasi gani katika maisha ya Zinzendorf? Pili, kwa nini masimulizi ya baadaye yameifanya ziara ya siku moja kuwa chimbuko la kazi iliyofika mabara kadhaa? Tatu, namna hiyo ya kusimulia imeathiri vipi uandishi wa historia ya Mbeya na Iringa?

Hoja kuu ni kwamba urithi wa uchoraji wa baroki katika Nyanda za Juu Kusini hauonekani hasa ukutani. Unaonekana katika umbo la masimulizi: mwanga unaoshuka ghafla juu ya mtu aliyekuwa gizani. Umbo hilo lina gharama yake. Katika picha ya baroki giza ni kazi ya mchoraji. Hulipaka kwa makusudi ili mwanga upate pa kuangukia. Katika masimulizi ya umisionari pia giza lilipakwa, na waliofunikwa nalo walikuwa watu wenye majina, taasisi na maarifa yao.

2.0 Mwanga na Giza katika Uchoraji wa Baroki

Baroki ni mtindo wa sanaa ulioenea Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 18. Ulikua kwa kiasi kikubwa ndani ya juhudi za Kanisa Katoliki za kujijenga upya baada ya matengenezo ya Kiprotestanti. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulithibitisha matumizi ya picha takatifu na kuwataka maaskofu wahakikishe kuwa picha hizo zinafundisha na kuamsha ibada bila kupotosha. Mchoraji alitakiwa kumfikia muumini wa kawaida, si msomi peke yake, na kumgusa moyo.

Aliyeitikia wito huo kwa namna iliyoshtua wengi ni Michelangelo Merisi da Caravaggio (1571–1610). Katika picha ya kuitwa kwa Mathayo, aliyoichora mwaka 1599–1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, mwali wa mwanga unaingia kutoka upande wa kulia, juu ya kichwa cha Kristo, na kuukata ukuta mtupu hadi kwenye meza ambapo watoza ushuru wanahesabu fedha. Katika picha ya uongofu wa Sauli, iliyomo katika kanisa la Santa Maria del Popolo mjini humo, Sauli amelala chali chini ya farasi, mikono imetanuliwa, macho yamefumba. Hakuna malaika wala mbingu iliyofunguka. Kuna farasi, mtumishi mzee aliyeinama, giza, na mwanga juu ya mwili wa mtu aliyeanguka.

Namna ya kutengeneza picha hizo inastahili kuelezwa, kwa sababu hoja ya makala haya inaitegemea. Mchoraji wa aina hii hakuanza na turubai jeupe akaongeza vivuli. Alianza kwa kupaka turubai zima rangi ya udongo iliyokolea, mara nyingi kahawia, kisha akajenga juu yake sehemu zile tu alizotaka zipokee mwanga: paji la uso, bega, kiganja. Sehemu nyingine ziliachwa karibu kama zilivyokuwa. Hivyo kilichomo gizani hakikufichwa na usiku wala na chumba kisicho na madirisha. Kilifichwa na uamuzi wa mchoraji kuhusu nini kionekane. Mtazamaji, hata hivyo, huliona giza hilo kama hali ya asili iliyokuwapo kabla ya mwanga kufika.

Mtindo huu haukubaki Italia wala ndani ya Ukatoliki. Ulivuka kwenda Uhispania, Ufaransa na Uholanzi, ambako Rembrandt aliutumia katika jamii iliyokuwa imeondoa picha katika makanisa yake. Fetti naye, aliyezaliwa Roma karibu mwaka 1589, alikulia katika mji uliokuwa ukijadili kazi za Caravaggio, akahudumu katika ikulu ya ukoo wa Gonzaga huko Mantova, na kufariki Venezia mwaka 1623.

3.0 Ziara ya Mwaka 1719

Jumba la picha la Düsseldorf lilikuwa mali ya Johann Wilhelm, mtawala wa Palatinate aliyefariki mwaka 1716. Lilisifika Ulaya kwa mkusanyo mkubwa wa kazi za Rubens na kwa picha za Rembrandt zinazoonesha mateso ya Kristo, zile ambazo mwili wa msulubiwa unang'aa katikati ya usiku. Kutembelea majumba kama hayo kulikuwa sehemu ya elimu ya vijana wa tabaka la juu, ambao baada ya masomo walizungushwa katika miji mikubwa ili wajue lugha, adabu na sanaa. Zinzendorf alikuwa amemaliza masomo ya sheria huko Wittenberg na alikuwa safarini kuelekea Utrecht.

Kati ya picha zote hizo, iliyomsimamisha ni ya Fetti, inayojulikana kwa maneno ya Kilatini Ecce Homo, yaani tamko la Pilato alipomwonesha Yesu mbele ya umati. Chini yake kuna maandishi ya Kilatini ambamo Kristo anamwambia mtazamaji kwamba aliyateseka hayo kwa ajili yake, kisha anamwuliza yeye amefanya nini. Kwa maelezo ya Zinzendorf mwenyewe, aliona haya kwa kukosa jibu la kutosha, akaomba avutwe katika ushirika wa mateso ya Mwokozi hata kama ni kwa nguvu.

Mambo mawili yanahitaji kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba katika jumba lililojaa kazi kubwa za mwanga na giza, kijana huyu wa Kilutheri alisimamishwa na picha inayosema. Mwanga ulimleta mbele ya uso wa Kristo, lakini ni maandishi yaliyomwuliza swali. Tofauti hii husaidia kueleza kwa nini mapokeo ya Kimoravian yaliyofuata yaliipa nyimbo, shuhuda na maneno ya Biblia ya kila siku, yaliyoanza kuchapishwa Herrnhut mwaka 1731, nafasi kubwa kuliko picha za madhabahuni. Lugha ya ibada hiyo ilijaa damu, majeraha na ubavu uliochomwa; kile ambacho Wakatoliki walikiona kwa macho katika picha, Wamoravian walikiimba.

Jambo la pili ni kwamba Zinzendorf hakuingia Düsseldorf akiwa mtu asiye na dini. Alilelewa na bibi yake, Henriette Catharina von Gersdorff, katika nyumba iliyokuwa kitovu cha harakati za uchaji. Kati ya mwaka 1710 na 1716 alisoma Halle, katika taasisi za August Hermann Francke, ambako alisikia habari za wamisionari waliotumwa Tranquebar, India, na ambako yeye na wenzake waliunda chama cha vijana chenye azma ya kueneza injili kwa mataifa. Kwa hiyo mwaka 1719 hakuongoka. Alithibitishwa katika njia aliyokwisha kuishika. Maelezo yake mwenyewe hayadai zaidi ya hapo.

Ni masimulizi ya baadaye yaliyoipa ziara hiyo sura ya uongofu. August Gottlieb Spangenberg, mrithi wake katika uongozi, aliandika wasifu mrefu wa Zinzendorf uliochapishwa kati ya mwaka 1772 na 1775, na kadiri vizazi vilivyopita waandishi wa vitabu vya ibada walizidi kukiweka mbele kisa cha picha. Mafundisho ya bibi, miaka sita ya shule, barua kutoka India na mabishano ya wanateolojia yalirudi nyuma. Kijana na picha vilibaki mbele. Kwa maneno mengine, kisa kilipangwa upya kama Caravaggio alivyompanga Sauli: mtu mmoja, mwali mmoja, na kila kitu kingine katika rangi ya kahawia.

4.0 Aliyeachwa Gizani: Anton wa St. Thomas

Athari ya mpangilio huo huonekana wazi zaidi katika tukio la mwaka 1731. Mwaka huo Zinzendorf alikwenda Copenhagen kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Christian VI wa Denmark. Huko alikutana na Anton, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, ambacho kilikuwa koloni la Denmark. Anton alieleza hali ya watumwa wa kisiwa hicho na hamu ya ndugu zake waliobaki huko ya kufundishwa. Baadaye alifika Herrnhut na kuyasema hayo mbele ya jumuiya, akionya kwamba mwenye kutaka kuwafundisha watumwa angelazimika kushiriki maisha yao ya kazi. Mwezi Agosti 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwenda St. Thomas. Huo ndio mwanzo wa umisionari wa Kimoravian ng'ambo.

Mfuatano wa matukio uko bayana. Kati ya ziara ya Düsseldorf na safari ya wamisionari wa kwanza ilipita miaka 13. Kati ya ushuhuda wa Anton na safari hiyo ilipita takribani mwaka mmoja. Kilichoielekeza Herrnhut kwa watu wenye asili ya Afrika hakikuwa picha bali sauti ya mtu mwenye asili hiyo, aliyesimama mbele ya Wazungu na kuwaambia wanachopaswa kujua. Hata hivyo, katika vitabu vya ibada Anton hutajwa kwa sentensi moja au mbili, huku picha ya Düsseldorf ikipewa ukurasa mzima.

Yaliyofuata St. Thomas yanaonesha jambo jingine ambalo mwanga wa kisa hicho haulifikii. Katika miaka ya 1730 misheni ile ilinunua shamba pamoja na watumwa waliolifanyia kazi. Kanisa lililozaliwa kwa ombi la mtumwa likawa mmiliki wa watumwa. Wakati huohuo, watu weusi waliobatizwa walikuwa wahubiri wake hodari. Mmoja wao, Rebecca, mwanamke aliyeachwa huru na kuhubiri kati ya watumwa wa kisiwa hicho, alichorwa pamoja na mumewe, Christian Protten wa Pwani ya Dhahabu, na binti yao. Aliyemchora ni Johann Valentin Haidt, mchoraji wa Kimoravian aliyefuata mtindo wa baroki.

Haidt huyohuyo alichora mwaka 1747 picha ya malimbuko, inayoonesha watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wa kwanza kubatizwa na Wamoravian, wakiwemo Waafrika, wamemzunguka Kristo anayeng'aa. Katika picha hiyo mwanga wote unatoka kwa Kristo, na nyuso za mataifa zinaonekana kwa kadiri zinavyoupokea. Ni picha yenye heshima: watu weusi hawakuwekwa pembeni kama watumishi, ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Ulaya wa wakati huo. Lakini pia ni picha isiyoonesha walikotoka. Nyuma yao hakuna kijiji, shamba wala kaburi la wazazi.

5.0 Rungwe, 1891

Wamoravian walipokata shauri kuanza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, walibeba kanuni hii ya kuona pamoja na mizigo yao. Kundi la kwanza lilikuwa na watu wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Häfner alifariki mwanzoni kabisa mwa kazi. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika mwaka huohuo, na mashirika hayo mawili yakagawana eneo. Kutoka Rungwe Wamoravian walienea hadi Rutenganio, Utengule kwa Wasafwa, Mbozi kwa Wanyiha na kwingineko. Watu wa Berlin walienea mashariki hadi kwa Wabena na Wahehe, katika eneo lililo karibu na Iringa.

Katika taarifa na vitabu vya misheni vilivyosomwa na wafadhili wa Ulaya, kazi hiyo ilielezwa kwa lugha ileile: nchi ya giza iliyopambazukiwa. Msamiati huu haukuwa wa Wamoravian peke yao. Ulikuwa wa umisionari wote wa karne ya 19. Lakini ukilinganishwa na ushahidi mwingine wa wakati huo, unadhihirika kuwa ni rangi iliyopakwa.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akiongoza msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza. Kitabu chake cha mwaka 1881 kinaisifu nchi ya Wanyakyusa kwa migomba iliyotunzwa, nyumba zilizojengwa kwa ustadi na usafi wa mazingira, kiasi cha kuifananisha na nchi ya raha ya visa vya kale vya Wagiriki. Sifa hizo nazo zina chumvi yake, lakini zinaonesha kwamba miaka 12 kabla ya misheni mgeni aliweza kuitazama nchi hiyohiyo asione giza lolote.

Utafiti wa kianthropolojia wa Godfrey na Monica Wilson, uliofanyika kati ya mwaka 1934 na 1938, ulieleza kwa undani jamii iliyokuwapo. Wanyakyusa walijenga vijiji kwa kufuata marika: vijana wa rika moja walihama kwa wazazi wao na kuanzisha kijiji chao, wakakua pamoja na kuzeeka pamoja. Kila kizazi kilikabidhiwa mamlaka katika sherehe kubwa. Jina la kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, linatokana na thamani ambayo jamii hiyo iliipa tabia ya kuishi vyema na wenzako. Hayo yalikuwa maadili yenye mfumo, yakifundishwa na kusimamiwa.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika lugha ya wamisionari wenyewe. Walipotafuta neno la Kinyakyusa la kumtaja Mungu walilichukua jina Kyala, ambalo lilikuwa limekwisha kubeba uzito wa kidini na lilihusishwa na mahali pa matambiko karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa. Wakatoliki nao katika uwanda wa Iringa walilitumia jina la Kihehe, Nguluvi. Kama nchi ingalikuwa gizani kwa maana iliyodaiwa, isingalikuwa na jina la kumpa Mungu wa wageni. Waliokuja kuleta mwanga walilazimika kumwomba mwenyeji neno la kuutajia.

Tena, katika nchi hiyo giza lenyewe halikuwa na maana moja tu. Msitu wa Lubaga, mahali pa Lwembe, kiongozi mtakatifu aliyetegemewa kwa mvua na rutuba, ulikuwa mahali penye kivuli kizito ambapo si kila mtu aliruhusiwa kuingia. Wafu walihesabiwa kuwa chini ya ardhi, na huko chini ndiko kulikotoka uzima wa mashamba na vizazi. Kivuli kilikuwa makao ya mamlaka. Msimulizi aliyefundishwa kuona kivuli kama kutokuwapo kwa kitu alipita mbele ya taasisi kuu ya nchi na kuandika kwamba hapakuwa na kitu.

Athari ya umbo hili inaonekana pia katika namna kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia kinavyoandikwa. Mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa takribani miaka kumi kazi ya Rungwe iliangaliwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, waliokuwa wachache mno. Simulizi inayomfuata mmisionari hukiita kipindi hicho cha kukatika. Lakini shule hazikufa, ibada hazikukoma, na Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta jumuiya zinazoongozwa na walimu na wazee Waafrika. Mwanga wa simulizi ulipoondoka pamoja na mmisionari, watu waliendelea kufanya kazi katika sehemu ya picha isiyochorwa. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Idadi hiyo haielezeki kwa kazi ya Wazungu wachache. Inaelezeka kwa kazi ya wale walioachwa nje ya mwanga.

6.0 Iringa: Njia ya Kikatoliki

Iringa inatoa mlinganisho wenye manufaa, kwa kuwa huko baroki ilifika kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni ya Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Baada ya vita nafasi yao ilichukuliwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, walioanza kufika mwaka 1919. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, mlezi wa madhabahu ya Bikira Maria Consolata mjini humo. Kanisa la madhabahu hiyo ni miongoni mwa majengo ya baroki yanayojulikana sana Torino: lilibuniwa upya na Guarino Guarini katika karne ya 17, na altare yake kuu ni ya Filippo Juvarra.

Picha ya Consolata yenyewe huhesabiwa kuwa nakala, ya mwishoni mwa karne ya 15, ya picha ya Bikira Maria iliyomo katika kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma. Ni kanisa lilelile ambamo Sauli wa Caravaggio amelala chini ya farasi. Hivyo wamisionari wa Iringa walisafiri wakiwa na picha ambayo asili yake iko hatua chache kutoka kwenye mojawapo ya michoro mikuu ya mwanga na giza. Lakini picha hiyo si ya mtindo huo. Ni ya zamani zaidi: mama na mtoto wakimtazama moja kwa moja anayesali, bila mwali unaoshuka na bila mtu anayeanguka. Walichokuja nacho Iringa ni picha ya ukaribu, si ya mshtuko.

Hata hivyo umbo la simulizi lilikuwa lilelile. Tarehe 17 Agosti 1891, mwaka uleule wa Rungwe, majeshi ya Mkwawa yalikishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga, na Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898. Tosamaganga ilianzishwa katikati ya vita hivyo. Giza lililodaiwa kuwakuta wamisionari katika Uhehe lilikuwa kwa sehemu moshi wa mizinga ya serikali iliyowatangulia. Simulizi inayoanza na mwanga wa misheni hulitaja giza hilo kama hali ya wenyeji, wala haisemi nani aliyelisababisha.

7.0 Maonyesho Yaliyogeuka

Kisa kilichoanza katika jumba la maonyesho kina mwendelezo katika majumba mengine. Mwaka 1878 ilianzishwa Herrnhut makumbusho ya vitu vilivyotumwa na wamisionari wa Kimoravian kutoka nchi walizofanyia kazi. Mtu wa Saksonia aliweza sasa kufanya kinyume cha alichofanya Zinzendorf: badala ya kutazama picha akaulizwa amefanya nini, alitazama vitu vya wengine akaelezwa nini kimefanyika.

Mfano mzito zaidi uko Kalenga. Katika picha za baroki fuvu la kichwa ni kitu cha kawaida. Caravaggio aliliweka juu ya vitabu vya Mtakatifu Yeronimo anayeandika, likipokea mwanga sawa na upara wa mzee huyo. Fuvu hilo halina jina. Ni la kila mtu, na kazi yake ni kumkumbusha mtazamaji kifo chake mwenyewe. Fuvu lililorudishwa na Gavana Edward Twining huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954 lina jina. Kurudishwa kwake kulikuwa kumeandikwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na Twining alilichagua kutoka katika mkusanyo wa makumbusho ya Bremen kwa kutumia vipimo. Linapotazamwa ndani ya kioo chake halimwulizi mtazamaji kuhusu kifo cha binadamu wote. Linamwuliza kuhusu kifo cha mtu mmoja na waliokisababisha.

Makumbusho ya Boma la Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la enzi ya Wajerumani, yameendeleza kazi hiyo kwa kuweka historia ya mkoa mikononi mwa wenyeji wake. Katika jengo lililojengwa na mtawala, vitu vya nyumbani, vya kilimo na vya utawala wa jadi vinapewa maelezo na nafasi. Hapa mwanga haushuki kutoka nje ya fremu. Waliokuwa mandharinyuma ya simulizi za wengine ndio wanaoamua sasa taa iwekwe wapi, na uamuzi huo nao unahitaji kuhojiwa kwa kipimo kilekile.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ziara ya Zinzendorf mwaka 1719 ni tukio la kweli lenye uzito wa kiasi. Lilimthibitisha kijana aliyekwisha kuandaliwa na malezi na shule, halikuanzisha umisionari. Umisionari ulianza mwaka 1732 baada ya ushuhuda wa Anton, na ukamea Rungwe kwa kazi ya Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha na majirani zao. Uzito uliozidi wa kisa cha picha unatokana na umbo lake, ambalo lilikubaliana na mtindo wa kuona uliokuwa umeenezwa na uchoraji wa baroki.

Kwa mtafiti wa historia ya Mbeya na Iringa, somo linalofuata ni la kimbinu. Nyaraka za misheni zilizohifadhiwa Herrnhut, Berlin na Torino zitaendelea kuwa chanzo kikubwa, na si haki kuzitupa kwa sababu ya lugha yake ya giza na mwanga. Zinapaswa kusomwa kama picha zilivyotengenezwa, kwa kuuliza ni wapi rangi ya msingi imeachwa wazi na ni nani aliyesimama pale. Jina la mwalimu lililotajwa mara moja katika orodha ya mishahara, neno la Kinyakyusa lililoachwa bila tafsiri katikati ya barua ya Kijerumani, malalamiko ya mmisionari kwamba wazee wamekataa shauri lake: vyote hivyo ni sehemu ambazo brashi haikuzifunika kabisa. Swali lililoandikwa chini ya picha ya Fetti lilimtaka mtazamaji aeleze amefanya nini. Kwa wanaoandika historia ya Nyanda za Juu Kusini, swali hilo linahusu watu ambao majina yao yamo katika nyaraka hizo na bado hayamo katika vitabu.